Jiko la Yeshimebet, Mpishi wa Agari

Kwenye chuo chetu cha afya, kile kidogo cha kando ya barabara ya Azezo, si kile kikubwa ambacho kila mtu wa Gondar anakijua, kulikuwa na walimu wanane wenye shahada na mpishi mmoja asiye nayo. Aliyeogopwa zaidi alikuwa mpishi.

Hakuwapikia watu. Weyzero Yeshimebet, yaani Bibi Yeshimebet, aliwapikia bakteria. Aliweka supu ya nyama, chumvi kidogo, na agari ya kuigandisha, akachemsha, akaifungia kwenye sufuria kubwa la mvuke mpaka kila chenye uhai kife. Kisha aliimimina kwenye sahani ndogo za kioo zenye vifuniko. Juu ya chakula hicho sisi wanafunzi wa mwaka wa pili tulipanda vijidudu ili tujifunze kuvitambua. Bila jiko lake somo la mikrobiolojia lingekuwa picha za ukutani tu.

Tulimwita Etye, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, ingawa kwa umri alikuwa mama yetu. Kwao ni Dembiya. Aliingia mjini na mtoto mgongoni baada ya mumewe kwenda jeshini asirudi, akawa anapika mikate ya injera ya kantini ya chuo, halafu akaajiriwa kufagia maabara. Fundi wa maabara wa wakati ule alikuwa mzee mmoja mwenye maringo, na sahani zake kila wiki zilikuwa zimejaa matone ya maji chini ya vifuniko, na baada ya matone, ukungu. Siku moja Etye akaegemea ufagio, akamwambia, "Baba, unamimina ikiwa ya moto mno."

"Wewe fagia."

"Nafagia. Lakini injera ukiifunika ingali moto inatoka jasho, na kesho yake ina ukungu. Huo uji wako siujui. Jasho nalijua."

Yule mzee alinuna siku tatu. Siku ya nne akajaribu, na sahani zikatoka kavu. Miaka miwili baadaye alipostaafu, yeye mwenyewe alimwomba mkuu wa chuo ampe Yeshimebet funguo za jiko. Mwanamke wa darasa la sita! Walimu wengine walicheka mpaka waliposhindwa kuendelea kucheka, kwa sababu sahani za Etye hazikuota kitu ambacho hukupanda.

Hakutumia kipimajoto kujua kama agari imepoa vya kutosha. Aliiweka chupa shavuni. Ikimchoma, anangoja, ikimpa joto tu kama la kikombe cha kahawa, anamimina. Majina ya Kilatini aliyajua yote, ila aliyaona marefu bila sababu, basi akawapa bakteria majina ya mtaani. Yule anayetambaa sahani nzima kwa siku moja alimwita Mzururaji. Yule mwekundu alikuwa Bibi Harusi. Yule wa majini, anayeacha rangi ya kijani popote apitapo, alikuwa Mtoto wa Kisima. Mpaka leo nikiwa kazini ulimi huniteleza nikawataja hivyo mbele ya madaktari, nao hunitazama kama mwendawazimu.

Na alikuwa na desturi moja ambayo hakuna mtu aliyeweza kumwachisha. Kabla sahani hazijatumika, alizipanga tupu kwenye kabati la joto, lile linalokaa na joto la mwili wa mtu, akaziacha humo siku mbili. Kikiota kitu kwenye sahani ambayo hakuna aliyeipanda, ujue kuna mgeni aliyeingia bila kualikwa, na sahani hizo zinatupwa. "Sahani isiyoota kitu ndiyo shahidi wangu," alikuwa akisema. "Ile iliyoota mtaisoma ninyi."

Mwaka wetu akaja Doktor Asnake. Alikuwa amerudi kutoka Ulaya, na sitamsema vibaya, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na haraka ya mtu aliyezoea kuona mambo yakienda. Alitaka tuwe tunaagiza sahani zilizokwisha kumiminwa kutoka Addis Ababa, zimefungwa kwenye plastiki kama biskuti. Mwezi wa Meskerem, wa kwanza wa mwaka wetu, umeme ulikatika siku nzima na sahani za Etye zikaharibika mara moja hiyo. Doktor alimwambia mbele yetu sote, "Weyzero, mara ya kwanza ni bahati mbaya. Ya pili nitaliandikia barua jiko hili lifungwe."

"Sawa, Doktor," alisema, akaendelea kufuta meza.

Lakini mimi nilibaki nyuma nikiokota madaftari yangu, na aliniambia bila kunitazama, "Wakilifunga nitarudi kwenye injera. Si aibu, injera imenilelea mwanangu. Ila injera nilifundishwa na mama, naye alifundishwa na mama yake. Hili jiko nilijifunza mwenyewe, Ayenew. Nikinyang'anywa, nitakuwa sina kitu kilicho changu." Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Ayenew ndiye mimi, na sifa yangu mwaka ule ilikuwa kuchafua sahani. Mtihani wetu wa vitendo ulikuwa hivi: unapewa mrija wa kioo wenye bakteria wa aina mbili waliochanganywa. Unachoma kijiti chako cha waya motoni, unachovya, unachora juu ya agari mistari, kila mara ukizidi kuwapunguza, mpaka mwisho wa mstari wanabaki mmoja mmoja, mbalimbali. Yule mmoja akishapata joto na chakula, hujizidisha mpaka anakuwa kilima kidogo unachokiona kwa macho, na kilima kizima ni ukoo wake. Hapo unaweza kumchukua, kumpaka rangi, na kumtaja jina. Kazi rahisi kama una subira. Mimi sikuwa nayo. Nilisahau kuchoma waya, nilikohoa juu ya sahani, nilifunua vifuniko kama mtu anayechungulia wali. Muhula wa kwanza nilifeli, na nikifeli tena ningerudia mwaka.

Mtihani ulipangwa siku mbili baada ya Timkat, sikukuu yetu ya Ubatizo wa Bwana. Etye alimimina sahani mia moja arobaini na nne, sita kwa kila mwanafunzi, akazibandika namba zetu, akazipindua na kuzipanga kwenye kabati mkesha wa sikukuu. Mimi nilikuwa namba kumi na saba.

Sasa nitasema, maana sipendi hadithi za kufichana: ni mimi niliyeziharibu zile sahani.

Mama yangu alikuja kutoka kijijini kwa ajili ya Timkat. Makasisi walipokwisha kuyabariki maji na vijana kujitosa bwawani, alipenya umati na kujaza chupa, akanipa ingali inadondoka. "Nyunyiza pale unapofanyia kazi, mwanangu. Shetani wa mtihani ataondoka." Nikaenda. Mlinzi wa chuo alinifungulia maabara akidhani nimetumwa. Kabati la joto nikalifungua, na pale mbele yangu sahani zilikuwa zimetulia katika vikundi vyake, namba kwa namba.

Sikufunua vifuniko; sikuwa mjinga kiasi hicho. Nilinyunyiza kwa juu tu. Kikundi changu nilikinyunyizia mara tatu. Nikaona huo ni uchoyo, nikawapa kidogo namba kumi na sita na kumi na nane, majirani zangu. Yaliyobaki nikayamwaga kwenye karai la chini, lile ambalo Etye huliwekea maji yaliyochemshwa ili hewa ya kabati isikauke. Nikasali Baba Yetu, nikafunga, nikatoka nikijisikia mwepesi kama aliyetua mzigo wa kuni.

Asubuhi ya mtihani tulikuta mlango wa maabara uko wazi na harufu tamu imejaa ukumbini.

"Zabibu," alisema Mulualem, msichana aliyekaa jirani yangu darasani na ambaye mdomo wake haukuwa na breki. "Nani kaleta divai? Ayenew, umeanza kunywa kabla ya kufeli?"

Ndani, Doktor Asnake alikuwa amesimama na sahani mkononi, ameielekeza dirishani. Agari iliyopaswa kuwa na rangi ya chai ya maziwa ilikuwa kijani, kijani cha shaba iliyokaa majini. Mezani zilikuwa nyingine nyingi zimechanganywa, safi na chafu, na Etye amesimama kando yake na mikono imekunjwa juu ya koti jeupe. Nilizitazama zile sahani. Kisha nikaona jambo moja: namba zote zilikuwa zimebanduliwa. Hakuna aliyeweza kusema ipi ilikuwa ya nani. Nikamshukuru Mungu. Hebu fikiria, mtu anamshukuru Mungu kwa jambo kama hilo.

"Mtihani umeahirishwa," alisema Doktor. "Weyzero, hii ni mara ya pili."

"Naona."

"Barua nimeshaiandika tangu Meskerem. Imebaki tarehe tu."

"Nipe mpaka kesho saa sita, Doktor."

"Ya nini? La kuvunda halina ubani."

"Siombi ubani. Nataka nimjue huyu mgeni, na mlango alioingilia. Hata ukilifunga jiko, si utapenda kujua? Au huko Ulaya mlikuwa mnatupa tu?"

Doktor aliirudisha sahani mezani. Alikuwa mwalimu, na swali lilikuwa swali zuri. "Kesho saa sita," alisema.

Etye akatuchagua watu wawili wa kumsaidia, Mulualem na mimi. Sikuweza kukataa bila kusema kwa nini. Akaweka sahani moja ya kijani mbele yangu.

"Soma. Ameota juu ya agari au ndani yake?"

"Juu."

"Basi?"

Mulualem akadakia, "Basi hakupikwa nayo. Angekuwa alipona kwenye mvuke, angekuwa ndani pia. Kaingia baada ya kumimina."

"Sufuria langu halina kosa, tumshukuru Mariamu. Ameanzia wapi? Ayenew, nakuuliza wewe."

"Ukingoni," nilisema.

"Ukingoni. Kati ya kifuniko na sahani. Bakteria hana miguu ya kukipanda kifuniko, lazima apate wa kumbeba. Kuna kitu kilichotiririka."

Tulimpaka rangi, tukamweka chini ya hadubini: vijiti vyembamba vyekundu, vimetawanyika. Tukamgusisha tone la dawa kwenye karatasi, ikawa zambarau kabla Mulualem hajahesabu kumi. Akaruka. "Pseudomonas!"

"Mtoto wa Kisima," alisema Etye. "Lakini humu ndani mimi sina kisima." Hakunitazama. Nilitamani anitazame, na nilimshukuru kwa kutonitazama.

Kulikuwa na sahani nyingi zilizosalimika. Akamtuma Mulualem achukue tone la maji ya bomba, tone la maji yake yaliyochemshwa, na tone la karai la chini ya kabati, kila moja kwenye sahani yake. Yeye mwenyewe alibonyeza vidole vyake vitano juu ya sahani ya nne. "Mtuhumiwa naye apimwe," alisema. Tukazifungia kwenye kabati dogo la akiba. Mchana huo alituletea mchuzi wa shiro na injera, tukala naye mezani kwake nje ya jiko.

Nyumbani mama, aliyekuwa hajarudi kijijini, aliniuliza, "Mtihani vipi?"

"Umeahirishwa."

Akapiga kigelegele cha chini kwa chini. "Unaona? Maji yamefanya kazi."

Nilikaa nikifikiri juu ya kurudia mwaka, na ada, na majirani, na jinsi Mulualem angenicheka. Kila nilipomaliza kufikiri hayo niliuona mkono wa Etye umebonyezwa juu ya agari, vidole vitano, kama mtu anayechukuliwa alama za vidole polisi. Mwanamke yule alikuwa anajipima yeye kwa kosa langu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani.

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni pa jiko. Alikuwa amekwisha kuzitoa sahani nne. Maji ya bomba, vilima viwili vitatu vya njano. Maji yaliyochemshwa, safi kabisa. Vidole vyake, vilima vichache vyeupe. "Hao ni wangu wa kila siku," alisema, "hata wewe unao." Ya karai ilikuwa kijani mwanzo hadi mwisho, na harufu ya zabibu ikanipanda puani.

"Karai nalijaza mimi," alisema, "kwa maji haya haya yaliyo safi. Sasa mgeni kapitia wapi?"

"Etye, ni mimi."

Alikuwa anafuta shingo ya chupa. Aliendelea kuifuta.

"Yalikuwa maji ya Timkat. Mama alinipa. Sikufunua kifuniko hata kimoja, nilinyunyiza tu kwa juu, na yaliyobaki nikayamwaga kwenye karai. Nilidhani yatatusaidia."

Aliweka chupa chini, akafanya ishara ya msalaba. "Na mimi nilinyunyiziwa hayo hayo, nikafurahi. Ni matakatifu, Ayenew. Nani alikuambia ni safi? Wamejitosa humo vijana mia tano na miguu yao. Yalibarikiwa kwa ajili ya watu, hakuna padri aliyewaamuru bakteria watoke."

"Nisamehe."

"Mimi sina barua. Mwenye barua yuko juu."

Tulipanda ngazi pamoja. Alibeba daftari lake kwapani, lile la jalada la bluu anamoandika kila anachopika. Doktor alikuwa na barua mezani na kalamu imelala juu yake. Nilisema yote nikiwa nimesimama, nikayasema vibaya, nikianza katikati na kurudi mwanzo, lakini niliyasema. Nilipomaliza nilikuwa nalia kama mtoto wa shule ya msingi.

Doktor hakunitazama mimi. Alimtazama yeye. "Weyzero, ulijua?"

"Tangu jana asubuhi, nilipofungua kabati."

Akafungua daftari. Namba zetu zote ishirini na nne zilikuwa zimebandikwa humo kwa mstari, na mbele ya kila moja ameandika ni sahani ngapi zilizoota. Kumi na saba: sita kati ya sita. Kumi na sita: mbili. Kumi na nane: tatu. Nyingine zote zilikuwa moja moja hapa na pale, au sufuri.

"Ulibandua ushahidi," alisema Doktor.

"Niliuhamisha."

"Jana nilikuwa nalifunga jiko lako. Ungenionyesha ukurasa huu, tungemaliza pale pale. Kwa nini ulinyamaza?"

Etye alivuta kiti akakaa, bila kukaribishwa. "Doktor, huyu miaka miwili ijayo atakuwa hospitali. Peke yake, na sahani ya mtoto wa mtu mbele yake. Ataichafua, kila mtu huichafua siku moja. Hakuna aliyemwona. Daktari anasubiri jibu ampe mtoto dawa. Huyu ataandika nini? Hilo nilitaka kulijua kuliko nilivyolitaka jiko."

"Na kama asingekuja?"

"Saa sita daftari lingekuwa mezani kwako. Si kwa ajili ya jiko. Ungemwondoa chuoni, na mimi ningekushikia mlango."

Pale ndipo nilipoogopa kweli, baada ya hatari kupita. Nilikuwa nimeingia ofisi ile nikidhani nakwenda kumwokoa.

Doktor Asnake alichukua barua, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye kapu la takataka. Kisha akavuta karatasi nyingine. "Jiko litabaki. Ayenew, utarudia mwaka. Umeingia pasipo ruhusa na umeharibu mtihani wa watu ishirini na watatu."

"Ndiyo, Doktor," nilisema.

Tulishuka ngazi. Chini Mulualem alikuwa anasubiri, akaniangalia macho yangu mekundu, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaufunga. Etye alisimama mlangoni pa jiko akitafuta ufunguo mfukoni.

"Jumatatu saa mbili," aliniambia. "Njoo na koti safi."

"Etye, nimefeli. Sina darasa mpaka mwakani."

"Nimesikia, sikuwa kiziwi mle ndani." Akafungua mlango. "Sahani hazijui nani kafeli. Zinataka kuoshwa."